Mlima Nilioupanda kwa Mdomo

Sehemu ya sita

Kwa yule aliyefungia sabuni gazeti la wiki jana kabla hajalisoma, nitamvuta mkono haraka twende pamoja, maana aibu hii sipendi kuisimulia mara mbili.

Mimi ni mshereheshaji. Nashika maiki kwenye harusi, mahafali na harambee, nahakikisha watu wanacheka na wanatoa. Katika harambee ya kununua mashine za joto za wodi ya watoto njiti, ukumbi ulipoa kama chai iliyosahauliwa mezani. Nikafanya kinachofanywa na kila mshereheshaji ukumbi ukipoa: nikatangulia kuahidi mimi. Nikasema nitatembea kwa miguu kuikatiza ile milima, kutoka bonde la huku hadi bonde la pili, na mwenye moyo aahidi kitu juu ya safari yangu.

Sasa, ahadi ya mshereheshaji ni kuni, kazi yake ni kuwasha moto wa wengine. Nimewahi kuahidi ng'ombe, mabati, hata kiwanja, na hakuna kamati iliyowahi kuja kunidai. Utaratibu huo unajulikana na wote walio kwenye shughuli hizi.

Isipokuwa Mama Mwenyekiti wa kamati hii, ambaye alikuwa mgeni katika uongozi. Yeye aliniamini, na kesho yake redio ya mji ikawa inanitaja kila baada ya taarifa ya habari.

Mdomo uliponza kichwa. Lakini uliponya ndoa. Mke wangu, muuguzi wa wodi hiyohiyo, alikuwa amehamia kwa baba yake kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, alichoka kuishi na tangazo. Aliposikia habari za mlima alirudi na begi lake, akanikumbatia mlangoni, akasema safari hii ameolewa na mtu. Nikafurahi mpaka nilipoona begi la pili, ambalo lilikuwa la baba yake.

Baba mkwe ni mwalimu mstaafu wa gwaride jeshini. Mtaa mzima unamwita Afande. Alikuja kuninoa, akaweka kambi sebuleni kwangu, na wiki jana nilikuacha pale nilipokuwa nimelala chali kwenye ngazi za jengo la maegesho ya magari, begi la matofali mgongoni, naye akiniuliza kutoka chini kama nimekufa au napumzika.

Nilikuwa napumzika.

"Basi pumzika huku unapanda," akasema, na filimbi ikalia.

Nikapanda. Mtu aliyekupa binti yake mara mbili hajibiwi.

Lakini katikati ya ngazi zile nikapata wazo, na mawazo yangu mabaya yote hunijia nikiwa nahema. Kamati ilikuwa imeagiza kila msafiri, mimi na wote waliojiandikisha kutembea nami, apimwe na daktari. Je, daktari akisema moyo wangu haufai kwa milima, nani atanilaumu? Nitabaki chini na maiki yangu, nitawaaga wenzangu kwa machozi, na mke wangu atanionea huruma badala ya kunidharau. Niliteremka nikipiga mluzi.

Jioni ile tulikuwa na kikao cha kamati. Tulijadili fulana. Hoja ilikuwa kama picha ya mgeni rasmi iwe kubwa kuliko mlima au ilingane nao. Mama Mwenyekiti akasema mlima haujachangia chochote, kwa hiyo upunguzwe. Kisha tukajadili kiti cha mgeni rasmi, kisha hema la kufunika kiti hicho. Mashine za joto zilikuwa ajenda ya mwisho, nazo zikaahirishwa kwa sababu wajumbe walikuwa wamechoka.

Hapo ndipo Afande, aliyekuja kunisindikiza ili nisitoroke, aliposimama akasema naye atatembea.

Kikao kikapiga makofi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye kwa safari yangu mimi aliahidi kufikiria, akasema mzee huyu akifika bonde la pili kwa miguu yake, yeye ananunua mashine nzima. Wengine wakamfuata. Kwenye bango wakaniondoa mimi, wakamweka yeye.

Niliona wivu, sitakuficha. Lakini nikajiambia afadhali, macho yote yakiwa kwa mzee, hakuna atakayeuliza kwa nini mimi nimebaki.

Tukaenda kupimwa pamoja. Nikaomba niingie kwanza, eti mzee apumzike.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya mtu aliyekesha. Nikafunga mlango, nikamweleza shida yangu bila kuzunguka. Nilimwomba anitafutie ugonjwa. Si mkubwa, ugonjwa wa heshima tu, wa kumzuia mtu kupanda mlima lakini usiomkataza nyama.

Hakucheka. Akanipima presha, akanipandisha na kunishusha kwenye kistuli mpaka jasho likanitoka, akanisikiliza kifua mbele na nyuma. Akasema moyo wangu ni mzima kama wa punda.

"Sikiliza tena, daktari."

"Nimesikiliza. Una mafuta tumboni na uvivu miguuni. Dawa ya vyote viwili ni mlima."

Nikatoka nimeinamisha kichwa. Afande akadhani nimeambiwa nina kasoro, akafurahi. Akaniamuru niingie naye, nikae kwenye kiti cha pembeni, nisikie moyo wa mwanamume unavyodunda.

Nikakaa. Daktari akamsikiliza kifua. Akahamisha kipimo, akasikiliza tena. Akamlaza kitandani, akambandika nyaya, mashine ikatoa karatasi ndefu yenye vilima vidogo visivyolingana. Akaitazama karatasi ile kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Akauliza kama mzee huishiwa pumzi akipanda ngazi. Afande akajibu kwamba askari haishiwi pumzi.

Ndipo nilipokumbuka. Katika mazoezi yote yale sikuwahi kumwona Afande akipita ngazi za mwanzo. Alinituma juu, yeye akabaki chini na filimbi yake. Mimi nilidhani ni ukubwa. Kumbe mzee aliyekuwa ananisimanga kwa uvivu alikuwa ameshika ukuta asianguke.

"Mzee," daktari akasema, "moyo wako unapiga bila mpangilio, tena umechoka. Kule juu hewa ni hafifu. Ukipanda, siwezi kukuahidi kwamba utashuka. Wiki hii umwone daktari wa moyo, na milima uisahau."

Afande akainuka, akafunga vifungo vya shati kimoja kimoja. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kwamba anayo, akamwomba daktari amwandikie kuwa ni mzima.

Daktari akavua miwani, akajifuta uso.

"Leo nimepata wateja," akasema. "Mzima ananiomba ugonjwa, mgonjwa ananiomba uzima."

Afande akageuza shingo polepole kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na kiti.

Tulipofika kwenye korido akanisimamisha.

"Kijana, umesikia nini mle ndani?"

"Nimesikia, baba."

"Sikukuuliza kama umesikia. Nimekuuliza umesikia nini."

Akasogea karibu.

"Mimi nimesikia habari za mtu aliyeomba ugonjwa," akasema. "Nikifika nyumbani naweza kuwa nimesikia, naweza kuwa sikusikia. Itategemea wewe umesikia nini."

"Sijasikia kitu, baba."

"Vizuri."

Ningependa kukuambia kwamba alininyamazisha kwa vitisho, yakaishia hapo. Lakini alikwenda akakaa kwenye benchi, na sikuwahi kumwona akikaa mbele yangu bila kwanza kuniamuru nisimame. Akaniambia kwamba siku ile mashine za joto zilipoharibika zote wodini, yeye ndiye aliyekwenda kumchukua binti yake kazini. Alimkuta amekaa sakafuni, viatu kavua, hasemi wala halii. Watoto watatu walikuwa wameondoka katika zamu yake.

"Nimezika askari," akasema. "Sijaona uso kama ule. Mali sina, kijana. Nina miguu, na wale watu wameweka mashine juu ya hii miguu. Usiniondolee."

Nilikuwa nimemwogopa mzee yule tangu siku ya posa. Pale kwenye benchi nikampenda, na ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu ni rahisi kumchongea mtu unayemwogopa kuliko unayempenda.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawakusema kinachompata anayemsaidia kuficha.

Nyumbani tulimkuta mke wangu ametandaza vitu vyetu kitandani: soksi, makoti ya mvua, tochi, plasta za malengelenge. Alikuwa anaimba. Akanikalisha, akanichua nyayo kwa mafuta, akaniambia kwamba kazini amewatambia wenzake kuwa mume wake ni mtu wa neno lake. Nikatazama dari.

Mama Mwenyekiti naye akapita kuhakikisha kwamba wasafiri wake wamepimwa. Nikamwambia tumepimwa, naye hilo likamtosha.

"Na baba?" mke wangu akauliza.

"Baba amepimwa."

"Daktari alisemaje?"

"Alisema hajapata kuona watu kama sisi."

Mke wangu akacheka. Sebuleni Afande akakohoa kwa kuridhika. Hakuna neno hata moja la uongo katika majibu yangu, na bado ulikuwa uongo mkubwa kuliko ng'ombe wote niliowahi kuahidi.

Nikaanza kumhujumu mzee kwa upole. Nikaficha kiatu chake kimoja cha kupandia mlima nyuma ya pipa la maji. Asubuhi akatoka na buti zake za zamani za jeshini, akanishukuru, akisema vile vipya vilikuwa vinambana. Nikarudi kwa daktari yule kumsihi amwite binti wa mzee amwambie. Akanijibu kwamba siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, naye juzi alishaponyokwa na ulimi vya kutosha. Akasema mimi ndiye familia, mimi ndiye mwenye mdomo, na kwa alivyosikia redioni mdomo wenyewe si mdogo.

Mdomo ulikuwepo. Tatizo ni kwamba ili nimwambie mke wangu habari za moyo wa baba yake, ilibidi nimwambie pia mimi nilifuata nini kwa daktari. Kila nilipoanza niliona begi lake likiwa mlangoni. Nikawa nasema kesho, na kesho ikifika naipa jina hilohilo.

Hivyo ndivyo ilivyofika siku ya kutuaga.

Uwanja wa hospitali ulikuwa umejaa. Bango lilikuwa limetundikwa, Afande akitabasamu katikati na mlima ukichungulia nyuma ya bega la mgeni rasmi. Basi la kutupeleka chini ya mlima lilikuwa limewashwa tayari. Sisi wasafiri tulipangwa juani, hema likiwa la wakubwa. Mgeni rasmi akachelewa, kwa hiyo Mama Mwenyekiti akahutubia mpaka afike, na alipofika akahutubia tena ili naye asikie. Alieleza kwamba angetembea pamoja nasi, lakini ni lazima kiongozi atangulie bonde la pili kwa gari, atupokee.

Mimi nilikuwa msafiri na mshereheshaji kwa pamoja. Kamati iliona hivyo ni nafuu.

Nikiwa na maiki mkononi nikamtazama Afande. Alisimama kikakamavu, begi mgongoni, kidevu juu. Lakini mdomo wake wa juu ulikuwa umelowa jasho, midomo imegeuka rangi, na mkono wake ulikuwa unapapasa nguzo ya bango kama mtu anayetafuta swichi gizani.

Nikajua kwamba nikinyamaza nitamzika. Woga wote wa begi la mlangoni ukawa mdogo.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," nikasema, na spika zikanipaza uwanja mzima. "Baba mkwe wangu hapandi mlima. Moyo wake ni mgonjwa. Daktari amemkataza."

Kisha mtu mmoja akacheka, na uwanja wote ukamfuata.

Walidhani nawachangamsha. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akainua mkono, akasema kama mambo ni hivyo basi anaongeza mashine ya pili. Makofi yakapigwa. Mgeni rasmi akainama kumuuliza jirani yake huyu kijana mmempata wapi.

Nikasema sitanii, wakacheka zaidi. Nikaona nimwage yote. Nikasema mimi mwenyewe nilikwenda kwa daktari kuomba ugonjwa ili nisipande, akaninyima, ugonjwa akaukuta kwa mzee. Hapo Mama Mwenyekiti akajifuta machozi kwa fulana. Watu walishikana mabega. Katika maisha yangu yote ya kushika maiki sijawahi kuchekesha namna ile.

Nimeishi miaka mingi nikiwafundisha watu wa mji huu wasiniamini. Walikuwa wanafunzi wazuri.

Afande akanijia, akaninyang'anya maiki.

"Mkwe wangu anaogopa mlima," akawaambia. "Mwacheni, huko juu atazoea. Twendeni."

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele, muziki ukafunguliwa. Afande akanirudishia maiki bila kunitazama, akaelekea kwenye basi, akaweka mguu kwenye ngazi.

Mtu mmoja tu hakuwa amecheka. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa wodi na sare yake. Akapasua katikati ya watu, akamfikia baba yake, akamshika mkono, lakini si kama mtoto anayeaga. Vidole viwili chini ya kifundo, macho kwenye saa. Afande akajaribu kuuvuta mkono.

"Tulia, baba," akasema, na Afande akatulia.

Alisikiliza kwa vidole kwa muda mrefu. Alipoinua uso hakumtazama baba yake, alinitazama mimi.

"Kumbe ulikuwa husemi mzaha," akasema.

"Sikuwa nasema mzaha."

"Yote?"

Muziki ulikuwa unapiga. Watu walikuwa wanacheza. Ningeweza kukata sehemu moja ya habari ile nikabakiza nyingine, maana ndiyo kazi yangu, najua pa kukata. Lakini nilimtazama, nikashindwa.

"Yote," nikasema.

Akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu na akaona haiwezi. Hakupaza sauti. Alimshusha baba yake kutoka kwenye ngazi ya basi, akamvua begi, akanibebesha mimi kifuani, juu ya lile nililokuwa nalo mgongoni.

"Mashine zimewekwa juu ya miguu ya baba," akasema. "Nenda kawaambie miguu imekuwa yako. Mimi na baba tunaingia ndani. Ukifika bonde la pili kwa miguu, tutazungumza kama una pa kurudi. Usipofika, usinitafute."

Afande akafungua kinywa. Nadhani alitaka kunitetea, na hilo linaniuma mpaka leo, maana ndiyo ingekuwa mara ya kwanza. Lakini alihitaji pumzi na hakuipata, akaishia kunipigia saluti ndogo, ya kiunoni.

Nikapanda basi. Wenzangu, wakidhani mzee ameshakaa mbele, wakanipokea kwa shangwe, wakanipa kiti cha nyuma kwa sababu ya mabegi mawili. Dereva akapiga honi, tukaanza kutoka getini.

Nikageuka kwenye kioo cha nyuma nipate kuwaona kwa mara ya mwisho. Watu walikuwa bado wanacheza. Mke wangu alikuwa amemshika baba yake kiwiko, wakienda polepole kuelekea wodini. Kisha Afande akasimama. Akainama taratibu, kama mtu aliyeangusha kitu na sasa anakitafuta chini, akapiga magoti, na hakuinuka. Nikamwona mke wangu akitupa viatu, akipiga kelele kuelekea mlangoni, na muziki ukimfunika.

Nikaruka kutoka kwenye kiti, nikakimbilia mbele na mabegi mawili yakigonga vichwa vya watu, nikapiga bodi ya basi kwa ngumi, nikamwambia dereva asimame, asimame, mzee ameanguka.

Basi zima likaangua kicheko. Dereva akanitazama kwenye kioo chake, akasema amewabeba wengi wanaoogopa milima, akaongeza mwendo.